Baba Alimkadiria Mama

Baba yangu mzazi alimfuta mama yangu kwa mstari mmoja wa kalamu.

Nilikuwepo. Nilikuwa nakunywa chai, na mama mwenyewe alikuwa hatua tatu kutoka hapo, anakamua shuka.

Tulieni, ndugu wasomaji, hakuna damu. Lakini kuna watu wamefikishwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa makosa madogo kuliko hilo. Nawajua. Mmoja wao ni mimi, niliyepiga kengele ya bweni dakika arobaini kabla ya wakati na shule nzima ikaoga gizani. Sijutii.

Sasa sikieni.

Jumatatu alikuja dada mmoja wa takwimu, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuuliza jambo moja tu: watu wanatumiaje muda wao. Wanaume wanafanya nini, wanawake wanafanya nini, kazi ipi inalipwa na ipi hailipwi.

Akatuachia karatasi tatu. Ya baba, ya mama, yangu. Kila karatasi imegawanywa nusu saa nusu saa, kuanzia alfajiri mpaka usiku. Tulitakiwa tujaze siku moja, Jumatano, na yeye angezifuata Alhamisi.

"Kila mtu ajaze yake," alisema.

"Usijali, dada," baba akamjibu. "Mkuu wa kaya ni mimi."

Dada hajafika hata kona ya mtaa, mkuu wa kaya akazijaza zote tatu. Jumatatu hiyo hiyo. Jumatano yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa.

Kwenye yake akaandika "Kazini", kisha "Kurudi", kisha "Gazeti na taarifa ya habari".

Kwenye yangu akaandika "Kusoma". Hapo nilinyamaza. Sikuona sababu ya kubishana na uongo mzuri namna ile.

Kwenye ya mama akaandika juu kabisa neno moja, "Nyumbani". Halafu akavuta mstari kutoka juu mpaka chini.

"Baba, huo mstari ni wa nini?"

"Mama yako hafanyi kazi. Yupo nyumbani. Unataka niandike nini?"

Mama alisikia. Akaikung'uta shuka, akaianika, akachukua nyingine.

Mstari peke yake ningeusamehe. Tatizo ni kwamba baba alitaka kufunga kesi kwa mstari ule...

Kesi yenyewe hii hapa. Babu, baba yake baba, alianguka akavunjika nyonga. Hospitali ilikuwa inamruhusu Ijumaa, alale nyumbani wiki sita. Aogeshwe, ageuzwe, alishwe.

Na Jumatatu inayofuata mama alikuwa anaanza kazi.

Kabla ya kuolewa mama alikuwa mkata nguo kwenye karakana ya ushonaji. Mwenye karakana alimtumia ujumbe: rudi, tangu uondoke sijapata mkono kama wako. Saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Nafasi ingesubiri mpaka Jumatatu hiyo, si zaidi. Mama alikuwa ameshautoa mkasi wake wa zamani kabatini, ameupaka mafuta, na nilimkuta mara mbili akiufungua na kuufunga hewani bila kitambaa.

Baba akatoa hukumu akiwa amesimama mlangoni.

"Mzee atauguzwa na mwenye muda."

"Mwenye muda ni nani?" mama akauliza.

"Soma karatasi."

Mama hakuisoma. Alimtazama baba, akatazama karatasi, akaingia ndani. Na mimi, mtu mpole niliyelelewa na viranja na uji mwepesi, nikajisemea moyoni: hii haipiti.

Ili mjue nilivyomshika baba, lazima mjue kazi yake. Baba ni msoma mita za maji. Miaka ishirini anapita majumbani, anainama, anafunua kifuniko, anafuta tope, anaandika tarakimu. Na kitu anachokichukia kuliko nyoka ni msoma mita anayekaa kivulini akaandika makadirio.

"Kipimo husomwa, hakikadiriwi," ndiyo kauli yake. Kuna mwenzake alikadiria mtaa mzima. Baba alimnyima salamu mwezi mzima.

Jumanne nikamfuata dada wa takwimu mtaa wa pili.

"Dada, naomba karatasi nyingine tatu."

"Zile zimelowa?"

"Zimejazwa na mkuu wa kaya."

Pua zilimtanuka kidogo, basi. Akanipa mpya.

"Usiisahau safu ya pili," akaniambia.

"Ya nini?"

"Mtu anafanya jambo hili, je, wakati huo huo kuna lingine analifanya? Hapo ndipo kazi za watu zinapopotelea."

Jumatano nikaingia kazini. Nilikuwa na kalamu, daftari na filimbi ya mwalimu wa michezo. Filimbi ilifikaje kwetu si sehemu ya utafiti huu.

Utaratibu: kila nusu saa napuliza, mama anajibu, naandika.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mama aliwasha jiko. Shughuli ya pili: kumwamsha mtafiti.

Tuendelee.

Saa moja: anapiga pasi sare ya baba. Ya pili: anaangalia chai isichemke ikamwagika.

Saa tatu: anafua. Ya pili: anaongea na hospitali kwa simu, kaibana kati ya sikio na bega, kuuliza babu anatoka na dawa gani.

Saa nne na nusu: anadeki. Ya pili: ananiambia ninyanyue miguu.

Saa tano nikamkuta ameketi kwenye kigoda uani.

"Unafanya nini, mama?"

"Napumzika."

Nikaandika: kupumzika. Nikafurahi kwa niaba yake. Halafu nikaiona mikono yake.

"Mama, na hayo maharage unayochambua?"

"Si nimekaa?"

Wasomaji, nilisimama pale na filimbi yangu kama mnara. Kwa mama, kupumzika ni kazi yoyote inayofanywa umekaa! Siku ile alipumzika mara tano. Katika kupumzika kwake alichambua maharage, akashona vifungo sita vya mashati ya baba, akamenya viazi, akabandika kiraka kwenye chandarua cha babu, akaandika orodha ya dawa kwa herufi kubwa ili kila mtu aisome.

Saa tisa akanichoka.

"Wewe na hiyo filimbi, huna shughuli?"

"Mimi ni afisa, mama."

"Afisa, kachote maji."

"Nikichota nitaharibu utafiti."

"Usipochota utaharibika wewe."

Nikachota. Nikaandika kwenye karatasi ya mama: anamtuma afisa maji.

Jioni baba akarudi. Nilimpulizia filimbi akiwa hata hajavua viatu, nikampa karatasi yake aijaze mwenyewe, nikamwambia ni zoezi la shule. Baba ana mambo yake, lakini ukimpa safu za kujaza hawezi kudanganya. Akaandika saa za kazi sawasawa, mpaka dakika. Akafika jioni, akaandika: kusoma gazeti.

"Na cha pili?"

"Mtu anasoma gazeti, afanye nini kingine?"

Nyuma yake mama alikuwa anapakua chakula kwa mkono mmoja, mwingine unapangusa meza.

Alhamisi jioni dada wa takwimu akaja. Baba akamkabidhi karatasi zake tatu kwa heshima zote. Mimi nikaweka zangu juu ya hizo.

"Hizo ni nini?" baba akauliza.

"Baba, nina swali moja tu. Huu mstari wa mama... uliisoma mita, au ulikadiria?"

Dada aliacha kutafuta kalamu.

"Unamwuliza nani hivyo?"

"Namwuliza msoma mita."

Nilikuwa nimeshapima umbali wa kutoka pale hadi mlangoni. Lakini baba hakunyanyua mkono. Aliichukua karatasi ya mama niliyoandika mimi, akaisoma anavyosoma mita, kidole kinashuka taratibu mstari kwa mstari. Alfajiri. Asubuhi. Kidole kikafika saa tano, kikasimama, na uso wake ukapata nuru.

"Haya. Kupumzika. Na hapa tena, kupumzika. Mara tano. Kasema mwenyewe."

Akanirudishia karatasi kama mtu aliyeshinda rufaa. Na kweli, mama alikuwa amesema mwenyewe. Safu ya pili kidole chake hakikuigusa.

Dada akamgeukia mama.

"Mama, ulipokuwa unapumzika, mikono ilikuwa inafanya nini?"

"Mikono?" Mama akaitazama kana kwamba ni ya kuazima. "Ilikuwa inachambua maharage. Lakini nilikuwa nimekaa."

"Mzee, wewe kazini huwa unakaa?"

"Nikiandika ripoti, nakaa."

"Ukiandika ripoti unakuwa unapumzika?"

Baba akaichukua tena ile karatasi. Akaisukuma mbele ya dada.

Dada akajumlisha hapo hapo mezani. Baba: saa tisa za kazi ya kulipwa, nusu saa ya kazi ya nyumbani. Hiyo nusu saa alibadilisha balbu, na dakika ishirini kati ya hizo mama alikuwa anamtafutia bisibisi. Mama: saa kumi na nne na nusu. Za kulipwa, hakuna hata moja.

Baba akavuta kiti, akakaa.

"Kwa hiyo mwenye muda si yeye," akasema.

"Si yeye," dada akajibu.

Hapo nilijiona jemadari. Nilikuwa nishaanza kutunga hotuba ya ushindi kichwani, yenye aya tatu...

"Basi tumtafute," baba akasema. Na akavuta karatasi ya tatu.

Yangu.

Niliijaza kwa fahari. Siku nzima nilikuwa nimeandika neno moja, "Utafiti". Na kama mko makini mtaona kwamba nilikuwa nimevuta mstari kutoka juu mpaka chini.

Dada akairekebisha miwani.

"Filimbi ulipuliza kila baada ya muda gani?"

"Nusu saa."

"Kupuliza na kuandika ni dakika ngapi?"

"Moja. Mbili, kama mwandiko ni mzuri."

"Na zile ishirini na nane zilizobaki?"

"Nilikuwa nimejilaza... nasubiri."

"Kusubiri umejilaza ni muda huru, kijana."

Akajumlisha. Muda huru wa mtafiti: saa kumi na moja. Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu babu aanguke.

"Mwenye muda amepatikana."

"Mimi mwanafunzi."

"Umebakiza wiki tano za likizo."

"Sijui kuuguza."

"Utafundishwa."

"Lakini baba, mimi mwanaume."

Lilinitoka hivyo hivyo. Mimi niliyepuliza filimbi siku nzima kwa ajili ya haki, hilo ndilo nililokuwa nimelificha chini ya ulimi.

Mama akaweka kitambaa mezani.

"Rudia," akasema.

"Sina la kurudia, mama."

"Hata mimi naona huna." Akavuta kiti, akakaa, na safari hii mikono yake ilikuwa mitupu. "Jumatatu saa mbili nitakuwa kwenye meza ya kukatia. Sikuombi ruhusa, baba watoto, nakupa taarifa. Wewe, kijana, asubuhi ni yako, unamwogesha babu yako na kumgeuza. Jioni ni ya mwanawe."

"Mwanawe ndiye mimi," baba akasema kwa sauti ndogo.

"Ana mwingine? Na wiki ya sita kijana akirudi shule, utachukua likizo. Una siku ishirini na nane ofisini hujazigusa."

"Umejuaje?"

"Nani anatoa karatasi mifukoni mwako kabla ya kufua?"

Dada akakohoa, akasogeza karatasi kwa ajili ya sahihi. Baba akanyoosha mkono kwa mazoea. Dada akaipitisha mbele yake bila kusita, akaiweka mbele ya mama.

"Mhojiwa ni huyu."

Mama akaandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, kwa herufi zilizonyooka kama mshono.

Jumatatu akatoka. Jirani alimkuta getini, nikawasikia kupitia dirishani.

"Jamani, unamwacha mgonjwa na wanaume?"

"Nimemwacha na mwanawe na mjukuu wake."

"Wataweza?"

"Wakishindwa watajifunza. Mimi nilijifunza."

Akaenda zake, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mnataka kujua huku ndani kukoje? Leo ni siku ya tisa. Mgongo wangu umezeeka kuliko wa babu. Asubuhi ya kwanza nilimmwagia maji kichwani mfululizo, akaniambia, "Taratibu, mjukuu wangu, mimi si sufuria." Jioni baba anampaka mafuta miguuni, na wale wawili, ambao nilidhani hawana la kuzungumza, wanabishana kuhusu mpira mpaka chakula kinapoa.

Sasa wewe unayesoma hapa umejilaza, na nyuma yako kuna mtu anaosha vyombo. Usiniambie hafanyi kazi. Mfuate kuanzia anapoamka, nusu saa kwa nusu saa, uandike na safu ya pili. Ukichoka kumfuata kabla hajachoka kufanya, jibu umelipata, na funga mdomo wako vizuri.

Ningeendelea, lakini babu anaita. Ni saa ya kumgeuza, na hapa hakuna mwingine wa kumtuma.