Mguu wa Cherehani

Mke wangu ni fundi cherehani. Kila alfajiri, kabla ya kufungua kazi, alikuwa akikimbia hadi makaburini na kurudi. Huko tulimzika binti yetu mwaka juzi. Baada ya mazishi, mke wangu alikaa miezi mitatu bila nguvu ya kutoka kitandani. Mbio ndizo zilizomwinua.

Siku moja aliteleza, kifundo cha mguu wa kulia kikateguka. Kilivimba. Mimi ni kinyozi, lakini siku hiyo nilijifanya daktari. Nilichemsha maji, nikaukanda mguu kwa nguvu zangu zote. Alilia. Nikamwambia, "Vumilia, ndiyo dawa yenyewe." Nikarudia kila jioni.

Wiki tatu zikapita. Hakukimbia hata hatua moja, na mguu haukupona. Akaanza kunyamaza. Chakula akawa anaonja tu. Niliijua hali ile, nikaogopa sana.

Jirani yetu ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na wagonjwa wake wengi ni wanamichezo. Asubuhi moja alileta koti lake la kazi lipunguzwe mikono. Akasimama mlangoni, akitazama chini ya cherehani.

"Dada, mguu huo una nini?"

"Uliteguka. Nimeupumzisha wiki tatu, wala haunihurumii."

"Umeupumzisha? Na hilo kanyagio analikanyaga nani?"

Tukatazamana. Kumbe kutwa nzima mguu mgonjwa ulikuwa kazini!

Jirani akapiga magoti, akakishika kifundo taratibu.

"Ungeshindwa kabisa kukanyaga nao, ningekupeleka hospitali upigwe picha ya mfupa. Nani aliukanda?"

"Mimi," nikasema. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shemeji, mguu ukiteguka, siku za mwanzo usiukande wala usiutie maji moto. Utazidi kuvimba. Huu bado umevimba, kwa hiyo funga barafu kwenye kitambaa, uiweke kwa dakika chache. Kisha ufunge bendeji, uuinue juu ya mto. Uvimbe ukipungua, mazoezi yanaanza kidogo kidogo. Mguu usiozoezwa hulegea, na utateguka tena."

"Nitakimbia tena?" mke wangu akauliza.

"Utakimbia, dada. Ila usiwe na haraka."

Tangu siku hiyo alikanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Uvimbe ulipopungua, jirani alimpa zoezi: alikata vitambaa amesimama kwa ule wa kulia peke yake, mkono mmoja mezani. Wateja walimtania, "Fundi, umegeuka korongo?" Jirani alipita kila wiki kuupima. Wiki ya nne alimruhusu kutembea haraka. Wiki ya saba akamruhusu kukimbia.

Alfajiri hiyo nilimsubiri mlangoni. Alirudi akihema, jasho likimtiririka.

"Umefika?" nikamuuliza.

"Nimefika. Nimemsalimia mwanetu bila kuchechemea."

Kisha akaomba chakula, akala akamaliza.