Msimamizi wa Ndoa Yangu Alishayaona Maua Yale

Nina miaka arobaini na tisa, mama wa binti mmoja, Doreen, na ninaishi Hounslow, karibu na uwanja wa ndege. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Siandiki haya ili mnionee huruma. Huruma nimeshapewa ya kutosha, na watu ambao wakitoka kwangu walikwenda kucheka.

Mimi na Baba Doreen tulifunga ndoa hapa hapa London. Msimamizi wangu alikuwa Dada Yustina, mwenye saluni Peckham. Ndiye aliyenishikia shela na kunifuta jasho. Mnajua mila yetu Watanzania... msimamizi si wa siku ya harusi tu. Ndoa ikiingia mchanga, huanzi kwa mama yako wala kwa mchungaji. Unakwenda kwa msimamizi, unamwaga yote, naye anamwita mume wako na kuzungumza naye.

Nami nilimwaga yote. Mume wake alipofariki nikazidi kumwendea, nikidhani namfariji. Baba Doreen akinuna, nilikimbilia Peckham. Akihamia chumba cha pili, Peckham. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsihi Dada Yustina akae na mume wangu muda mrefu, maana ana kichwa kigumu. Akirudi ananiambia, "Bibi harusi wangu, mwanaume habanwi. Usimkague simu, mpe nafasi."

Nikampa nafasi. Kumbe nilikuwa nampa nani?

Mume wangu anapakia mizigo kwenye ndege, na kazini kwao hupewa tiketi za bei rahisi, yeye na watu wake wawili. Ni tiketi za kusubiri: abiria wote wakishakaa, viti vikibaki ndipo mnaitwa majina. Ndoa ilipotimiza miaka ishirini na tano, akaniuliza nataka kwenda wapi. Nikasema Japani, mwezi wa pili, kuona maua ya micheri inayochanua mapema kuliko mingine. Bibi mmoja niliyemtunza alikuwa na picha ya maua hayo ukutani, na kwa miaka miwili nilimlisha uji nikiitazama. Nikaongeza kwamba tumchukue na Dada Yustina, tumshukuru kwa kuisimamia ndoa yetu.

Ndiyo. Ni mimi niliyemwalika!

Baba Doreen alikohoa, akasema Dubai ni nzuri zaidi. Nikakataa.

Kutoka Tokyo tulipanda treni asubuhi hadi mji wa micheri hiyo, tukipanga kurudi jioni. Mji ule ni mdogo. Una mto, na kandokando ya mto micheri imejipanga, maua ya pinki yamefunika kila tawi wakati baridi bado ipo. Nililia kwa furaha. Nikawashika mikono wote wawili, huyu kulia, yule kushoto... Hebu fikirieni ujinga wangu.

Wao walitembea wameinamisha vichwa. Dada Yustina akadai goti linamuuma, turudi kabla ya kuvuka daraja. Nikamvuta.

Ng'ambo ya daraja kulikuwa na kibanda cha chai cha mzee mmoja. Ukutani alikuwa amebandika picha za wageni waliotoka mbali. Alipomwona mume wangu, uso wake ukachangamka. Akainama kumsalimu, akainama kwa Yustina, akacheka kama aliyepata jamaa zake. Kisha akabandua picha moja, akanipa mimi niliyekuwa karibu, kwa mikono miwili. Nikaipokea kwa mikono miwili, ndivyo nilivyolelewa.

Alikuwa mume wangu, chini ya mcheri, kando ya mto uleule. Kichwa cha Yustina kilikuwa begani kwake. Na Yustina amevaa koti langu la zambarau, nililomwazima mwaka uliotangulia aliponiambia anakwenda msibani Birmingham! Wiki hiyo hiyo Baba Doreen alikuwa "kozi" Manchester. Tarehe ilikuwa imeandikwa chini ya picha, na tarehe haihitaji mkalimani.

Mzee wa watu bado alikuwa anatabasamu. Nikamshukuru, nikaitia picha mkobani, nikaagiza chai tatu.

"Mdogo wangu, ngoja nikueleze..." Yustina akaanza.

"Kunywa chai, Dada. Itapoa."

Sijawahi kuona watu wazima wakinywa chai kwa shida namna ile.

Siku ya kurudi, vilibaki viti viwili tu. Baba Doreen akasema yeye atabaki na Dada Yustina, maana mwenzetu hapajui Tokyo. Nikamwambia, "Hapajui? Twende." Akanifuata. Yustina alikaa uwanjani siku mbili akisubiri kuitwa jina. Mimi nilimpungia mkono.

Wiki tano sikusema neno. Doreen, mwanangu wa miaka ishirini na nne, alikuwa anaolewa baada ya Pasaka, na msimamizi aliyemchagua ni yuleyule Yustina. Baba yake akanibembeleza, "Mke wangu, tuyamalize ndani." Nikampakulia pilau. Wakadhani nimemeza kwa ajili ya harusi.

Ikafika kitchen party, ukumbini Lewisham. Wanawake kama themanini, sare zimetulia. Yustina amekaa mbele kando ya Doreen, kilemba cha dhahabu, tayari kumfunda mwanangu jinsi ya kuishi na mume. Mimi mama mzazi nikaitwa kusema neno. Nikasema nina zawadi ya msimamizi. Nilikuwa nimeikuza ile picha ikawa kubwa kama mlango, nimeifunika kitenge. Nikavuta kitenge. Vigelegele vikapanda... kisha vikakatika, mmoja mmoja.

"Wakina mama," nikasema, "huyu ndiye mnayetaka amfunde mwanangu."

Kilemba kilimdondoka, hakukiokota. Nakiri mbele yenu, utamu wa dakika ile bado ninao mdomoni. Wiki hiyo hiyo nikapanga nguo za mume wangu kwenye masanduku, nikayafunga vitambulisho vya mizigo, nikayaweka nje. Kupakia ni kazi yake.

Lakini pale ukumbini sikuwa nimemtazama Doreen. Nilipogeuka, hakuwa anaitazama picha wala Yustina. Alikuwa ananitazama mimi.

"Five weeks, Mum," akasema. "You knew."

Akaniuliza kwa nini nilimwacha akachague gauni na mwanamke yule, akapige magoti mbele yake apewe baraka, huku mimi natazama na kucheka. Ukweli ni kwamba nilimhitaji Yustina akae kwenye kile kiti, nami nikamtumia mwanangu kumkalisha.

Aliolewa mwishoni mwa Aprili, ofisi ya serikali, watu kumi na wawili. Baba hakualikwa. Mama hakualikwa.

Dada zangu, msimwage ndoa yote kwenye sikio moja, hata kama ni la aliyewashikia shela. Na mkitendewa, sitawakataza kulipiza, mimi si malaika. Nawasihi tu, kabla hamjavuta kitenge, tazameni nani amekaa kando ya adui yenu.

Usaliti wa mume wangu niliuona kwenye picha. Harusi ya mwanangu nayo nimeiona kwenye picha, katika simu ya jirani: amesimama chini ya mcheri wa barabarani, maua yamemwangukia begani. Picha ya kwanza niliichoma. Ya pili nimemwomba jirani anitumie, naye kaniambia lazima kwanza amuulize Doreen.