Mshale wa Yoeli

Akitoka shuleni, Tabea hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye mgahawa wa mama yake pale Ngarenaro, chumba kidogo chenye mabenchi ambayo hayakuwahi kuwa matupu. Alisalimia benchi kwa benchi, "Shikamooni," akaitikiwa "Marahaba" na midomo iliyojaa mtori, kisha akala huku akisikiliza habari za mtaa: nani kaposwa, nani kahamia Kaloleni, nani kaonekana na nani. Akishiba chakula na umbea, alivuka uchochoro na kuingia gereji, alikofanya kazi baba yake, Elihuruma, fundi wa umeme wa magari.

Siku moja alikuta lori kuukuu la dizeli uani. Alilifahamu. Nyuma lilikuwa na neno kubwa jekundu: NITARUDI. Aliliandika marehemu Yoeli, baba yake Princess, ambaye ni rafiki wa Tabea wa darasa la sita. Yoeli alipenda utani. Alisema mteja akisoma pale, hatatafuta gari jingine la kubeba ndizi zake.

Mwaka uliopita lori lilimchemkia Yoeli kwenye kona moja karibu na Kikatiti. Geji zake, zile saa za kuonyesha joto na oili, zilikuwa zimekufa zamani, hivyo hakuna kilichomwonya mapema. Alisimama palepale kwenye kona, akashuka kutazama mvuke, na gari lililokuja kwa kasi likamgonga. Tangu hapo madereva waliomfahamu wakipita pale humpigia honi ndefu. Ndiyo salamu yao.

"Sitaki mtu wangu mwingine apande gari bubu," Mama Princess alimwambia fundi. "Weka geji mpya, Baba Tabea." Dereva sasa alikuwa Godwin, mdogo wake Yoeli.

Fundi Elihuruma alitoboa dashibodi, akachomeka geji mbili: ya joto la injini na ya presha ya oili. Lakini nyuma ya dashibodi palikuwa pembamba, mkono wake haukupita.

"Tabea, lete huo mkono wako mwembamba," aliita. "Waya huu mweusi ni wa ethi. Ndio unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Utaufunga kwenye bolti moja na ule wa honi. Lakini kwanza kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kicheke."

"Nitajuaje kimecheka?"

"Kitang'aa kama meno ya shangazi yako harusini."

Tabea akaingiza mkono. Rangi ilikuwa ngumu, vumbi likamwingia machoni, na huko nje wenzake walikuwa wakicheza rede.

"Tabea! Unakuja au tuweke mtu mwingine?" Brenda alipiga kelele.

Akafunga bolti juu ya rangi ileile.

"Kimecheka?" baba aliuliza.

"Kimecheka, baba."

Fundi akawasha gari. Mishale miwili ya geji ikainuka polepole, ikatulia. Akagusa honi mara moja, ikatoa sauti ya kukwaruza.

"Honi yako ina mafua, Godwin."

"Ni ya siku nyingi hiyo, fundi. Kama lori lenyewe."

Wakacheka, na Tabea akakimbilia kwenye rede.

Wiki haikuisha. Godwin aliingia mgahawani akiwa amepauka, akaketi bila kumsalimia mtu.

"Mama Tabea, nipe chai. Bro Yoeli yupo kwenye lori."

Mabenchi yote yakamgeukia.

"Nimepita kwenye kona. Nikampigia honi ndefu kama kawaida. Mshale wa joto ukaruka juu! Nikaachia, ukashuka. Nikapiga tena, ukaruka tena. Na ile honi, mnaikumbuka sauti ya bro? Ile ya kukwaruza? Basi ndiyo hiyohiyo."

"Na kule nyuma aliandika nini?" mzee mmoja aliuliza kwa sauti ya chini.

Wote walikuwa wamelisoma: NITARUDI.

Kufikia jioni habari ilikuwa Kaloleni. Kesho yake ilirudi imenenepa: ati lori linanuka sigara za marehemu, na Yoeli hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Tabea alifikiria ile bolti. Lakini waya utajuaje kona aliyofia mtu? Jioni ile lori lilipoegeshwa uani, hakuweza kupita nyuma yake. Alizunguka mbali, asilione lile neno.

Shuleni, Princess alimvuta pembeni. "Jumamosi nilipanda na baba mdogo. Alipopiga honi nikasema, 'Baba, ni mimi.' Mshale ukainuka. Tabea, ameniitikia!"

Tangu msiba, macho ya Princess hayakuwa yameng'aa namna ile. Tabea hakutaka kuyazima.

"Jumamosi hii twende wote," Princess alisema. "Umsalimie."

Wakaenda, watatu kwenye kibini cha dereva. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu mpaka miguuni. Walipoikaribia kona, Godwin alipunguza mwendo. Vivuli vya hofu vilianza kumpita usoni; hata majani ya migrevilea pembeni ya barabara hayakutikisika. Akabonyeza honi. Ikakwaruza, ndefu, kama mtu anayeita kutoka ndani ya pipa. Mshale ukaruka.

"Shikamoo, baba," Princess alinong'ona.

Vinyweleo vikamsimama Tabea. Godwin alitoa kitambaa mfukoni, akakichomeka juu ya geji. "Siwezi kuendesha huku natazamwa," alisema.

Kikatiti, lori lilipokwisha kupakia ndizi, mbuzi alisimama mbele yake akitafuna ganda kwa raha zake. Godwin akampigia honi ndefu. Kitambaa kilikuwa kimeteleza, na Tabea akauona mshale unaruka. Hapakuwa na kona pale, wala marehemu. Mbuzi tu.

Ni honi. Ni bolti yangu, alijisemea. Godwin hakuona, alikuwa akimtukana mbuzi. Godwin akakirudisha kitambaa, wakaondoka. Princess alikuwa ameegemea bega la Tabea, mkono wake ndani ya wa rafiki yake, akitabasamu peke yake. Tabea akaona ni afadhali aseme kesho.

Lori lilipanda kilima likiwa na mzigo mzito. Baada ya muda Tabea alisikia harufu ya mpira na maji ya moto. Akainua kitambaa. Mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Akasubiri ushuke. Haukushuka.

"Anko Godwin, mshale uko juu!"

"Funika. Tunakaribia kona. Ni yeye."

"Lakini hujapiga honi!"

"Nimesema funika, mtoto wewe!"

"Siyo baba yake Princess!" Tabea alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Ni mimi! Sikukwangua rangi, nilimdanganya baba! Mshale unaruka kwa sababu ya honi, hata kwa mbuzi uliruka. Sasa hujapiga honi, anko. Injini inachemka kweli! Simama!"

Princess akautoa mkono wake.

Godwin alitazama geji, akatazama mbele. Kona ilikuwa paleee, inawangoja. Akakata usukani, akaliingiza lori kwenye uwanja mpana nje kabisa ya barabara, akazima. Mvuke ukatoka kwa mbele kama chungu kilichofunuliwa.

Aliwakataza watoto kusogea, akakata matawi na kuyatandaza barabarani kuwaonya wenye magari, ndipo akampigia simu fundi. "Ningefika pale kwenye kona," alikuwa akirudia. "Ningesimama palepale."

Fundi Elihuruma alikuja kwa bodaboda akiwa na mpira mpya wa maji ya rejeta, maana wa zamani ulikuwa umepasuka. Aliufunga, akajaza maji injini ilipokwisha kupoa. Hakumgombeza Tabea, na hilo lilimuuma zaidi. Alimpa msasa tu.

"Ingiza mkono."

Tabea alikwangua mpaka vidole vikawaka moto, mpaka chuma kikacheka kweli. Baba yake akamulika kwa kioo kidogo, akahakikisha, kisha akabonyeza honi. Ikalia safi, nyoofu, isiyofanana na sauti ya mtu yeyote. Mshale haukutikisika.

Princess aliutazama kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hakuwahi kuniitikia."

"Nisamehe, Princess," Tabea alisema.

Fundi alichuchumaa mbele yao.

"Geji ni shahidi, wanangu. Rangi iliziba njia ya umeme wa honi, ukaingia kwenye geji; hii ikaanza kusema uongo, watu wakaupa uongo wake jina la marehemu. Siku iliposema kweli, ilikuwa imefunikwa kitambaa. Na uongo huo haukuanzia kwenye waya. Ulianzia kwenye neno moja: 'kimecheka.' Nami nilikosea, sikukagua. Tabea, kazi ambayo hujaifanya, sema hujaifanya. Ungepoteza mchezo mmoja wa rede, basi." Akamgeukia Princess. "Na wewe, baba yako hakuwamo kwenye mshale. Ila geji hizi ziliwekwa kwa sababu yake, na leo ziliwaonya kabla ya kona. Hilo siyo dogo."

Wakapanda wote. Kwenye kona Godwin alipunguza mwendo, akapiga honi ndefu. Mshale ulitulia. Princess aliweka kidole juu ya kioo cha geji, akasema polepole, "Shikamoo, baba." Kisha, bila kugeuka, akaushika tena mkono wa Tabea.

Ngarenaro, Mama Princess alikuwa amesimama mlangoni pa mgahawa pamoja na mtaa mzima, kwa kuwa habari ilishafika kabla yao. Godwin aligeuza lori, akaliingiza uani kinyumenyume, na neno jekundu likatangulia. Safari hii hakuna aliyeliogopa. Lori lilikuwa limerudi.