Maziwa ya Mwisho Jiweni

Susu la mtoto kubembea lenyewe hakukumshtua Oighrig. Katika ngome ile ya ukoo wao, mama akienda kukamua ng'ombe, Mwanamke wa Kijani ndiye aliyebaki na mtoto. Alikuwa jini wa ukoo, wa tangu enzi za mababu, na ujira wake ni maziwa kidogo kila jioni kwenye jiwe lenye shimo pale mlangoni. Ila asubuhi ile susu lilikuwa limelowa chapachapa, na ndani yake Beathag, mtoto wake wa pekee, alikuwa kimya, midomo imegeuka buluu.

Ng'ombe hawakuwapo tena. Mkuu wa ukoo, aliyekuwa akila raha zake mjini, alitaka watu wahame bonde lote liwe la kondoo, nao wakauza mifugo yao wapate nauli ya meli. Jiwe lilikuwa kavu wiki nzima.

"Mchukue twende, mkokoteni unasubiri," mumewe, Ruaraidh, alinong'ona.

"Hanyanyuki! Baba Beathag, kuna mtu kamshika."

Harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa jikoni, na kutoka chini ya susu kikaja kilio chembamba, kikapanda ukutani, kikazunguka vyumba vitupu ambamo vizazi vya ukoo ule vilizaliwa na kufa, kikarudi, kikatulia sikioni mwa Oighrig kama cha mtu aliyeachwa na wote.

"Mpe anachotaka, mke wangu."

"Nimpe nini? Unaona ng'ombe hapa?"

Kisha akakumbuka kifua chake. Akakimbilia jiweni, akapiga magoti, akafungua gauni na kujikamua huku akilia. "Pokea, bibi. Niachie mwanangu."

Shimo likakauka mbele ya macho yake. Ndani, Beathag akaangua kilio.

Walivuka bahari. Beathag alikua, akaolewa, akazaa. Oighrig akaota mvi, lakini kila jioni, saa ya kukamua, gauni lake lililowa kifuani.

"Mama, maziwa haya ya nani, na umri wote huo?" Beathag alimuuliza siku moja, kwa woga.

Oighrig aligeukia upande wa baharini.

"Ya ndugu yako wa kunyonya," alisema. "Tulimwacha kule jiweni peke yake. Sasa hivi analia njaa."