Chupa Iliyobaki Korongoni

Lori lilianza kuteleza dereva, Breki, akiwa katikati ya kicheko. Dhoruba ya vumbi ilikuwa imewafunika yeye na dada yake tangu asubuhi, kioo cha mbele kimekuwa kama ukuta, naye bado anakanyaga mafuta akiapa kwamba barabara ile anaijua hata akiwa usingizini. Kumbe barabara walikuwa wameshaiacha kitambo. Gurudumu la mbele likakosa ardhi, lori likainama kama mtu anayeokota kitu, likaporomoka na shehena yake yote ya saruji mpaka chini ya korongo.

Dada yake alizinduka akiwa amelalia mlango, mdomo umejaa vumbi chungu. Mifuko ya saruji ilikuwa imepasuka na kila kitu kimegeuka kijivu. Akajipapasa: kichwa kipo, mikono ipo. Kisha akasikia mtu akipumua kwa taabu.

"Breki!"

"Nipo, Dada. Ila mguu siuoni."

Breki lilikuwa jina la utani alilopewa na madereva wenzake, maana katika vyombo vyote vya lori, breki ndiyo aliyoigusa kwa nadra kuliko vyote. Dada yake alikuwa mshonaji wa nguo na kiongozi wa akina mama kanisani. Walikuwa wanatoka kumzika shangazi yao, wakirudi na saruji ya tajiri wa Breki. Pale makaburini Dada ndiye aliyeombwa kuwafariji wafiwa, akasema kwa sauti isiyotikisika kwamba binadamu hajui kesho yake, na kwamba yeye mzigo wake ameshaufunga. Bwana akiita, anaondoka. Njia nzima Breki alikuwa akimtania. "Basi, Dada, wewe uliyefunga mzigo, ukiitwa leo usiniburute na mimi. Mimi bado nafua nguo."

Sasa hakuna aliyecheka. Chuma cha mbele kilikuwa kimembana Breki chini ya goti. Dada alitambaa nyuma ya kiti, akapata jeki, akaitegesha kwenye mwamba uliotokeza dirishani. Akazungusha kidogokidogo, Breki akiuma mkanda wake. Chuma kililia, kikainuka upana wa vidole viwili. Dada akamshika kwapani, akavuta. Ukelele aliopiga ndugu yake hakuwahi kuusikia tangu utoto wao.

Mfupa ulikuwa umetokeza nje. Alichana gauni lake la msibani, akavunja ubao wa bodi la lori, akaufunga ule mguu kwa mikono iliyozoea vitambaa.

"Maji?" Breki aliuliza.

Dumu lilikuwa limepasuka. Ilikuwa imebaki chupa moja, nayo haikujaa.

"Kuna ya kwenye rejeta ya injini," alisema Dada.

"Usithubutu. Nimeyatia dawa ya kupoza injini, yatatuua. Lowesha nguo, ujifunge kichwani. Basi."

Simu hazikushika mtandao. Siku ile wakangoja dhoruba ipite. Siku ya pili wakangoja gari lolote lipite, hakupita hata kunguru. Jua lililala juu ya korongo kama pasi ya moto. Mguu ulivimba, ukabadilika rangi, ukaanza kunuka. Walikunywa kwa kizibo, huyu kizibo, yule kizibo.

Hapo ndipo Dada alipojikuta akifanya jambo la ajabu: alikuwa anabishana na Mungu. Alimwambia habari za sare za kwaya zilizokatwa na hazijashonwa. Alimweleza kuwa mjukuu wake bado hajabatizwa. Alitoa sababu moja baada ya nyingine, kama mpangaji anayeomba asihamishwe mwisho wa mwezi, na kila alipomaliza moja, woga ulikuwa palepale.

"Dada, unaogopa?" Breki aliuliza, macho amefumba.

Alitaka kusema la. Midomo ikakataa.

"Naogopa."

"Wewe? Si ulifunga mzigo?"

"Niliufunga nikidhani safari bado."

Breki alifumbua macho. Kisha akasema, "Afadhali umesema. Nilidhani naogopa peke yangu." Akameza mate yasiyokuwepo. "Niombee."

"Tuombe wote. Anza wewe."

"Mimi? Mimi maneno ya kanisani siyajui."

"Sema unayoyajua."

Breki akafikiri. "Mungu, ni mimi Breki. Unanijua, sina la kukuficha. Nimekuwa nikikupita barabarani bila kupiga hata honi. Nisamehe. Nikifa, nipokee hivihivi nilivyo, mchafu. Nikipona..." Akasita. "Nikipona sitaki kukudanganya. Nisaidie tu."

"Amina," akasema Dada, na machozi aliyodhani yamekwisha yakamtoka.

Kulipopambazuka, Breki alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka. Homa ilipompa nafasi, alimshika dada yake mkono.

"Nenda. Barabara tuliiacha kushoto. Jua la asubuhi liwe bega la kulia. Likipanda utosini, tafuta kivuli, ukae. Likianza kushuka, liwe bega la kushoto. Nenda na chupa."

"Na wewe?"

"Anayetembea ndiye anayehitaji maji."

Dada aliitazama chupa. Maji yaliyobaki hayakufika nusu. Akili ilimwambia Breki yuko sahihi, na mwili wake wote ukaafiki mara moja, kwa pupa iliyomtisha. Lakini mtu mwenye homa, peke yake ndani ya lile korongo, bila tone la maji, angemaliza siku? Akapiga mafunda mawili. Kisha akataka kuiweka chupa ubavuni mwa ndugu yake, na vidole havikufunguka. Alivitazama kama vidole vya mtu mwingine. Ilibidi avibandue kimoja kimoja kwa mkono wa pili.

"Kunywa kwa kizibo," alisema. Akapanda korongo kabla hajabadili nia.

Alitembea. Nchi ilikuwa tambarare, changarawe na miiba mikavu, isiyo na mwanzo wala mwisho. Mchana alijibanza chini ya jabali, ulimi umemjaa kinywani kama kitambaa. Jua lilipoegemea aliinuka, akaenda, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Mara hiyo akabaki chini, shavu juu ya mchanga.

Hakusikia sauti yoyote, wala hakuona nuru. Aliona mchwa akipita na ukoka. Akajaribu kumpa Mungu sababu nyingine, akakuta hana.

"Haya, Bwana," alinong'ona. "Kama ni hapa, basi ni hapa. Sikuwa tayari, nilikuwa nimezoea kusema tu. Nichukue. Ila yule kule chini, mtume mtu."

Woga haukuondoka wote. Ila uliacha kumtawala. Na kwa kuwa bado alikuwa anapumua, akaona hakuna sababu ya kulala pale kumngoja Bwana. Akajikokota mbele, safari hii kwa magoti.

Alisikia ngurumo kabla ya kuliona greda la njano likisawazisha barabara. Mafundi wawili walipomwona mwanamke wa kijivu kwa saruji tangu unyweleni hadi vidoleni, akitambaa kutoka nyikani, mmoja alitupa koleo, akakimbia.

"Mzimu!"

"Mzimu gani unaomba maji?" msimamizi wao alimfokea, tayari amefungua kibuyu cha plastiki.

Aliwaelekeza korongoni, wakamkuta Breki akiwa hai. Chupa ilikuwa tupu, kizibo kimebanwa kati ya meno yake.

Hospitalini, daktari hakuzunguka: mguu utakatwa, na hata hivyo hana hakika kama atapona, maana sumu imeshaingia kwenye damu. Breki alimwita dada yake karibu.

"Kama sitaamka..."

Nesi aliyekuwa akipima mapigo akakatiza, "Usijitabirie mabaya, kaka."

"Mwache aseme," akasema Dada.

Akavuta kiti, akakaa. Breki akasema yote. Utingo, msaidizi wake wa lorini, apewe kazi na tajiri mwingine, ni kijana mwaminifu. Wasimzike na suti, humwasha shingoni. Na bintiye, aliyemfukuza kwa sababu ya mwanamume aliyempenda, aambiwe kwamba baba alikosea. Yule mkwe ni mtu mwema. Dada alisikiliza bila kumkatiza, akauliza tu pale ambapo hakuelewa. Walipokuja na kitanda cha magurudumu, walikuwa wameshamaliza.

"Unaogopa?" alimuuliza.

"Kiasi. Si kama kule."

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Dada hakumwomba Mungu kwa kutoa sababu. Alitoka nje uani, akampigia bintiye Breki, akamwambia mahali walipo. Kisha akaketi kwenye benchi, viganja wazi juu ya mapaja.

Jioni, Breki alipofumbua macho, bintiye alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mumewe nyuma yake.

Breki akawatazama kwa muda, akageuza shingo kwa dada yake. "Umeshawaambia?"

"Bado. Uko hai. Waambie mwenyewe."