Kivuli cha Mtutu

Mlango wa nyuma wa nyumba ya Verlin Stidham ulianza kukutwa wazi asubuhi. Haukuwa umevunjwa. Komeo lilikuwa limevutwa kwa ndani, taratibu, kama limevutwa na mtu anayemfungulia mwenziwe.

"Twyla, ulitoka usiku?" Verlin alimwuliza mkewe.

"Nitoke niende wapi? Nikafuate nini kwenye giza la milima hii?"

"Basi komeo limejivuta lenyewe."

"Au umelivuta wewe ukasahau. Umri huo, mzee."

Wakacheka, wakala maharage yao na mkate wa mahindi, yakaisha. Lakini mlango ukakutwa wazi tena, na safari hii korido nzima ilinuka mafuta ya taa, harufu ile nzito ya kandili iliyopulizwa sasa hivi. Hawakuwa na kandili. Wala hawakuwa na tone la mafuta ya taa nyumba nzima.

Huku kwetu mashariki ya Kentucky, mlango ukijifungua mtu hafikirii mzuka kwanza. Anafikiria mwizi. Vijana walioliwa na vidonge vya kulevya wanang'oa nyaya za shaba ukutani, wanaiba hata dawa ya mgonjwa mahututi. Verlin alifikiria hao. Na kilichomnyima raha zaidi ni Twyla, aliyekuwa akifanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, akirudi peke yake alfajiri, akipitia mlango uleule.

Kuhama hawakuweza. Nyumba yao ya kwanza, chini mtoni, ilichukuliwa na mafuriko, kuta na picha za harusi na vyote. Hii ya juu ya mlima waliinunua kwa mrithi aliyekaa mbali, ambaye hakutaka hata kuja kuitazama. Walinunua kwa haraka, hawakuuliza kitu.

Verlin alikuwa na bunduki fupi nyeusi kabatini. Akaamua kuifungia tochi, akashuka mjini dukani kwa Hobart Neace, muuza bunduki mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Nipe iliyo kali kuliko zote," alisema.

"Kali ninayo. Ukitaka kumwona kulungu ng'ambo ya bonde, ichukue. Lakini kuta zako zina rangi gani?"

"Nyeupe."

"Basi utajipofusha mwenyewe, ndugu yangu. Mwanga mkali ukigonga ukuta mweupe unakurudia machoni. Mwizi atabaki anakutazama unavyopepesa kama bundi wa mchana." Hobart akamsogezea nyingine, fupi, yenye mwanga unaotawanyika. "Hii ni ya ndani ya nyumba. Na inavumilia mshtuko. Zile za bei rahisi, bunduki ikilia mara moja tu, nazo zinakata roho."

"Naifunga wapi?"

"Mbele kabisa, karibu na mdomo wa mtutu. Ukiirudisha nyuma, mtutu utakula mwanga, na upande wa pili utabaki na ukanda wa giza. Halafu chukua na hii ndogo ya mkononi."

"Mbili za nini?"

"Ya bunduki si ya kutafutia paka, Verlin. Kila unachokimulika kwa hiyo, umeshakielekezea risasi. Hata mama mkwe."

"Mama mkwe wangu alishafariki."

"Basi mshukuru Mungu, uchukue na tochi."

Verlin alicheka, akamwona Hobart mfanyabiashara tu. Akaondoka na ile moja.

Jioni aliitoa bunduki risasi, akachungulia mara mbili kuhakikisha, akailaza juu ya meza ya jikoni. Akafunga kibano upande wa kulia. Mbele kabisa kidole gumba hakikufika kwenye swichi, kwa hiyo akairudisha tochi nyuma shubiri moja. Akatia tone la gundi kwenye skrubu zisilegee, akakaza, kisha akarudisha risasi. Twyla alikuwa akimenya viazi, macho yake kwenye bunduki.

"Itatusaidia?"

"Itatusaidia kumjua mtu kabla hajatudhuru."

Usiku ule Twyla alikuwa kazini. Verlin aliamshwa na nyayo. Zilikuwa nyayo za soksi, zikiburuta kwenye mbao za korido, zikaja mpaka mlangoni pa chumba, zikasimama. Harufu ya mafuta ya taa ikapita chini ya mlango kama maji. Akachukua bunduki, akasukuma mlango kwa mguu, akabonyeza swichi.

Korido ikawaka. Aliona misumari ukutani, aliona komeo la mlango wa nyuma likiwa limevutwa tayari, na upande wa kushoto, pale tochi ilipozuiwa na mtutu, aliona ukanda mweusi umeegemea ukuta kama ubao. Ndani ya ukanda ule alisimama mtu.

Verlin akageuza bunduki kumfuata, na mwanga ukapiga pale alipokuwa mtu yule, pakawa ukuta mtupu, lakini kivuli cha mtutu nacho kilikuwa kimesogea, na mtu alikuwa amesogea nacho bila kuinua mguu, mrefu, kichwa kimeinama, mikono imekumbatia kitu kifuani, na kila Verlin alipogeuka huku akitafuta pumzi, yule naye aligeuka, amebebwa na giza la bunduki yake mwenyewe, mpaka kidole kikateleza kwenye swichi na nyumba yote ikazama gizani wakiwa humo wawili.

Alipowasha tena, hapakuwa na mtu. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mpaka Twyla aliporudi.

"Macho tu hayo," alimwambia mkewe baada ya kumsimulia. "Nimeifunga vibaya. Nitaishusha chini ya mtutu, kivuli kiende juu."

Akaishusha. Usiku uliofuata walikuwa wote kitandani nyayo zilipoanza.

"Usiende," Twyla alinong'ona.

"Niache nione."

Wakatoka, Twyla ameshika fulana yake kwa nyuma. Mwanga ukamwagika. Kulia palikuwa peupe, kushoto peupe, sakafu safi mpaka mlangoni. Verlin akashusha pumzi. Ndipo akahisi fulana inavutwa hadi inamkaba shingo.

"Verlin," Twyla alisema. "Juu."

Darini, ndani ya ukanda wa kivuli, mzee alikuwa amelala chali kwa juu, mgongo umegandamana na mbao kama mjusi, mdomo wazi, nywele nyeupe zikining'inia. Hakuwatazama wao. Alikuwa akiutazama mlango wa nyuma, kama mtu anayemngoja wa kwake arudi nyumbani.

Tangu hapo hawakuwa na kicheko tena. Mchungaji alikuja, akaomba, akanywa kahawa, akaondoka kwa haraka kidogo, na usiku ule mlango ukapigwa mpaka vyombo vikaanguka. Verlin akawa analala bunduki iko kifuani. Alikonda, macho yakawa mekundu.

"Twende zetu," Twyla alimsihi.

"Wapi? Tukalale kwenye gari?"

"Hata kwenye gari."

"Tulishalala kwenye gari baada ya mafuriko. Ulilia kila siku."

"Nililia, lakini sikuogopa kulala."

Nyumba moja Verlin alishaiacha ichukuliwe na maji. Ya pili hakuwa tayari kuiacha kwa mwizi wala kwa maiti.

Ikaja siku moja mvua ilinyesha tangu jioni. Twyla alikwenda kazini. Verlin alilala usingizi wa mtu aliyechoka kupita kiasi, akaamka akiwa amekumbatiwa. Mkono wa mkewe ulikuwa shingoni pake, baridi, pumzi zake sikioni.

"Verlin," alinong'ona. "Kuna mtu. Kaingia kwa nyuma."

Akasikia kweli. Komeo lilivutwa. Viatu vikakanyaga mbao, vizito, vya mtu wa kweli.

"Huyu si mzuka," sauti ilisema karibu zaidi, midomo ikigusa sikio. "Ni mwizi. Atatuua. Mpige."

Akainuka. Akafungua mlango, akabonyeza. Mwisho wa korido mtu alikuwa amesimama, koti limelowa, mkono mmoja umeinuliwa kukinga mwanga, na kuanzia mabegani kwenda juu hakuonekana kitu, kwa sababu kivuli cha mtutu kilikuwa kimemfunika kichwa chote, kikamwacha mwili usio na uso. Verlin alihisi komeo la usalama la bunduki likishuka chini ya kidole chake, hakukumbuka kulishusha. Nyuma yake kitanda kililia, miguu mitupu ikashuka, ikaja, na ile sauti ya mkewe ikawa sasa begani mwake, tamu, yenye haraka, ikisema piga, piga mpenzi wangu, piga kabla hajasema kitu, na kidole kikawa kwenye kifyatulio na kifyatulio kikaanza kurudi.

"Mwanga huo," mtu wa mlangoni alisema. "Unaniumiza macho."

Verlin aliijua sauti ile. Bunduki ikashuka, na mwanga ukashuka nayo, juu ya koti, juu ya magoti, mpaka kwenye viatu. Vilikuwa viatu vyeupe vya kazini, vyenye tope, kimoja kimefungwa kwa uzi wa kijani kwa sababu kamba yake ilikatika Jumapili.

"Barabara ya kazini imejaa maji," Twyla alisema, analia sasa. "Wameturudisha. Verlin, mbona umenielekezea hiyo?"

Verlin hakugeuka nyuma. Alijua kwamba akigeuka hatapona. Alitembea akiwa ameelekeza mtutu sakafuni, akamshika mkewe mkono, wakatoka mvuani, wakakaa ndani ya gari mpaka kukacha. Huko ndiko alikomwambia kwamba kitandani kulikuwa na mtu mwenye sauti yake.

Mchana wakamfuata Shangazi Orpha, shangazi wa marehemu baba yake Twyla, bibi anayejulikana bonde zima kwa kupuliza ngozi iliyoungua mpaka joto la moto likatoka, na kusimamisha damu kwa aya ya Biblia. Aliingia, akavuta pua.

"Kandili ya Burl Sizemore," alisema.

"Ni nani huyo?"

"Mwenye nyumba. Usiku mmoja alisikia mtu anaingia kwa nyuma. Akazima kandili, akapiga gizani. Alikuwa Denzil, mwanawe, amerudi kutoka jeshini bila kutoa taarifa, alitaka kuwashtua kwa furaha. Burl hakula tena mpaka akafa."

"Shangazi! Na hukutuambia?"

"Mliniuliza? Mlinunua nyumba kama watu wanaokimbia mvua."

Akamwamuru Verlin aifungue tochi, aitoe bunduki nje ya nyumba. Akaziba madirisha kwa mablanketi hata korido ikawa giza mchana. Kisha akamwacha Verlin katikati ya korido.

"Mimi nazima moto wa mwilini, mwanangu. Huu ni wa rohoni, hauzimwi na asiyeungua. Sema naye wewe."

Verlin alisimama gizani mikono mitupu. Harufu ya mafuta ya taa ikamzunguka, soksi zikaburuta, zikamkaribia.

"Bwana Burl," alisema. "Jana nilikuwa wewe. Nilikuwa na mke wangu mbele yangu na kidole kimeshavuta. Sikukuzidi akili. Sikukuzidi upendo. Mke wangu alisema neno moja tu, basi. Mwanao hakuwahi kusema. Hukujua, mzee. Hukujua."

Nyayo zikasimama.

Shangazi Orpha akafungua mlango wa nyuma, akaita uani kama anavyoita mtu wa nyumbani: "Denzil! Ingia, mwanangu. Baba yako yuko macho."

Ngazi za barazani zikalia. Buti zikaingia, changa, nyepesi, zikapita karibu na Twyla hata upepo wake ukamgusa shavu. Halafu wakasikia mzee analia, kilio cha kooni, cha mtu aliyekizuia miaka mingi. Verlin naye alilia. Hatua za watu wawili zikatoka pamoja, soksi na buti, zikashuka ngazi, zikaishia kwenye majani.

Twyla akang'oa blanketi la kwanza. Jua likaingia. Harufu ilikuwa imekwisha kabisa, na Shangazi Orpha, amechoka, akaomba kahawa. Wakamkumbatia. Verlin akakaa kwenye kiti cha jikoni, akacheka mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Shangazi. Waliotoka ni wanaume wawili."

"Wawili, naam. Burl na kijana wake."

"Kitandani alikuwa mwanamke."

Bibi akaweka kikombe mezani polepole.

"Burl alikuwa na usingizi mzito," Orpha alisema hatimaye, ameshusha sauti. "Hakusikia mtu kuingia, kama tunavyopenda kusimulia. Ni Lutie, mkewe, aliyemwamsha. Mama wa kambo wa Denzil. Wengine tulisema alimwona kijana dirishani kabla hajafika mlangoni, mbalamwezi ilikuwa nyeupe. Lakini nani angemshtaki?"

"Alifia wapi?" Twyla aliuliza.

Kabla Orpha hajafungua mdomo, kule chumbani chaga za kitanda zikalia, taratibu, kama mtu anayejisogeza ukutani ili mwenziwe apate nafasi.