Mkubwa wa Hapa

Kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, ilisahaulika kaburini, na Bibi Mektrida hakutaka ilale nje. Alimtuma mwanawe Sylvanus akaichukue kabla giza halijaingia. Sylvanus alikwenda kwa kununa. Mtu wa hadhi yake hatumwi kata kama mtoto, tena mbele ya mashemeji waliotoka Dar kuja kula Krismasi Kibosho, mlimani.

Mchana huo alikuwa amefanya jambo. Kila Desemba, mbuzi wa tambiko la marehemu baba akichinjwa, kifungua mimba ndiye humwaga mbege kaburini, kisha humbana mbuzi pua na mdomo mpaka atulie, ndipo kisu kipite. Kifungua mimba ni Thadeus, aliyebaki nyumbani na migomba na ng'ombe wake. Safari hii Sylvanus alimpokonya kata mkononi. Alimwambia kwamba mbuzi ni wake, nyumba ni yake, hata hilo shati alilovaa kaletewa, na watu wote wakasikia. Kisha akamwaga mbege mwenyewe, akatamka kwa sauti kwamba mkubwa wa hapa ni yeye. Thadeus aliondoka taratibu, akateremka kwenye kibanda chake chini ya shamba.

Jeuri ina raha yake, tusidanganyane. Sylvanus alikuwa bado anaisikia raha hiyo alipoinama kuokota kata.

Ilikuwa imejaa.

Si mbege. Harufu ilimpanda puani... damu mbichi, yenye joto bado.

Migombani kukawa kimya. Hata maji ya mfereji hayakusikika tena. Kisha, nyuma ya kisogo chake, kitu kikavuta pumzi ndefu.

"Mkubwa wa hapa nani?"

Ilikuwa sauti ya kunong'ona, kongwe kuliko ya mzee yeyote aliyewahi kumsikia. Angeweza kunyamaza. Waliolelewa mlimani wanajua kwamba sauti usiyoijua haijibiwi jioni. Lakini aliulizwa ukubwa, na ukubwa ndio uliokuwa ugonjwa wake.

"Mimi," alisema.

Pigo lilimpata kinywani, meno yakatoka. Aliangushwa juu ya majani ya migomba ambayo hakujua yametandikwa na nani, kichwa kikageuzwa kuelekea mlimani, vilevile anavyolazwa mbuzi. Goti likamkalia kifuani. Kiganja cha baridi, kinachonuka udongo, kikamziba pua na mdomo.

Alirusha miguu. Alikwaruza mpaka kucha zikang'oka. Macho yalipoanza kumtoka, kiganja kikalegea.

"Mkubwa wa hapa nani?"

Alitaja kampuni yake ya ujenzi. Kikavunjwa kidole kimoja. Alitaja nyumba ya ghorofa. Kikavunjwa kingine. Alitaja watu wakubwa anaokula nao Dar, na ubavu wake ukalia kama kuni kavu.

Kiganja kikarudi. Kikakaa sana. Kikalegea.

"Thadeus," alilia. "Mkubwa ni kaka yangu Thadeus. Yuko kibandani, chini pale."

Goti likaondoka.

Alibaki akihema, akijiona amejishusha na kwa hiyo amepona. Ndipo alipoisikia migomba ikivunjika, mmoja baada ya mwingine, kuteremka kuelekea kibandani. Akaelewa alichofanya. Hakuwa amemheshimu kaka yake. Alikuwa amemtoa kafara.

Alikimbia huku ameshika ubavu, damu ikimtiririka kidevuni. Mlango wa kibanda ulikuwa umeng'olewa. Thadeus alikuwa chali sakafuni, juu ya majani mabichi, visigino vikigonga udongo. Juu yake hapakuonekana mtu. Ila mashavu yake yalikuwa yamebonyea, mahali pa vidole vitano.

Sylvanus aliokota panga lililokuwa pembeni, akakata hewa. Panga likageuzwa mkononi mwake, likampasua paja. Akaamuru. Akatukana. Akasema yeye ndiye anayesema aachwe. Kila alivyojitaja, mashavu ya Thadeus yalizidi kubonyea.

Visigino vikaacha kugonga.

Akalitupa panga. Alimpenda kaka yake, na aliona aibu kwamba alihitaji kumuona akifa ndipo akumbuke. Akalala kando yake juu ya majani, kichwa kuelekea mlimani.

"Kaka, nisamehe," alinong'ona. Kisha akasema na kile asichokiona. "Hapa hakuna mkubwa. Sina cha kutaja. Nichukue mimi, umwache."

Kiganja kikamjia. Safari hii hakurusha mguu.

Vidole vilipita kinywani, vikashuka kooni, vikakamata kitu nyuma ya mfupa wa kifua... vikavuta. Alisikia mizizi yake ikikatika mmoja mmoja. Kilipotoka, kilitoka kinapiga kelele kwa sauti yake mwenyewe. Mimi. Mimi. Mimi. Kikaburuzwa nje, kikaburuzwa migombani, juu, juu kabisa, mpaka msituni.

Halafu ukaja utulivu ambao hajawahi kuujua. Ndani yake hapakuwa na cheo wala kinyongo, wala hamu ya kuonekana. Palikuwa na kitu kidogo, cheupe, kilichokuwapo tangu utotoni kikingoja nafasi. Alilia kwa furaha. Pembeni yake, Thadeus akakohoa.

Walibebwa na mashemeji hadi nyumbani. Bibi Mektrida alikaa chumbani na Thadeus, akisali rozari. Sebuleni, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo, Hilda, mkewe Sylvanus, alimwosha mumewe damu. Sylvanus alimshukuru. Akamuuliza kama amekula, kama amechoka. Tangu waoane hakuwahi kumuuliza hayo. Mkono wa Hilda ukasimama ndani ya beseni.

"Wewe nani?" aliuliza polepole.

Sylvanus alitafuta jibu, hakuliona, wala halikumsumbua. Alitabasamu tu kwa kinywa chake kilichopasuka.

Nje mbwa waliacha kubweka. Kitu kizito kilipanda ngazi za baraza, kikijiburuza... kikasimama mlangoni. Kitasa kikatikiswa.

"Hilda, fungua," ilisema sauti ya mume wake. "Nani huyo umemkalisha kwenye kiti changu?"

"Usifungue, mke wangu," Sylvanus alisema. "Nakuomba."

Hilda alimtazama mtu huyu mpole. Akautazama mlango. Katika ndoa yake yote hakuwahi kuombwa. Alikuwa ameamriwa, na sauti iliyomwamuru aliijua vizuri. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akainuka, akaenda kuondoa komeo.